Kabla ya Kufungua, Jua pa Kufungia

Tuliamshwa na sauti ya maji. Tulikuwa tumepanga nyumba Dar es Salaam, na usiku ule mpira ulio chini ya sinki la jikoni ulikuwa umechomoka kwenye maungio yake. Maji yalishafika sebuleni. Mmoja wetu alikimbilia matambara, mwingine ndoo, mwingine akapiga magoti akijaribu kuuziba mpira kwa viganja huku maji yakimrukia usoni. Tulichota na kumwaga nje karibu saa nzima, mpaka jirani yetu, mzee mmoja mstaafu, alipogonga geti kuuliza kulikoni. Hakuingia hata ndani. Alizunguka nyuma ya nyumba, akafukua mchanga kwa mguu karibu na mita, akainama, akageuza valvu. Maji yakakatika. Kisha akatuuliza, "Mmekaa hapa miaka mingapi, wanangu?"

Tulikuwa tumemaliza mwaka wa tatu.

Tangu usiku ule nimekuwa nikishika bisibisi na spana mwenyewe, nikikosea, nikiuliza mafundi, nikijaribu tena. Jambo moja limenikaa: matengenezo madogo ya nyumbani huanza na kufunga. Anayejua kuzuia maji, umeme na gesi anapata muda wa kutulia na kufikiri. Asiyejua, kila hitilafu kwake ni dharura, naye atalipa bei ya dharura. Kwa hiyo nitaanza na mahali pa kufungia, kisha niende kwenye kazi ndogo ambazo mtu yeyote mwenye subira anaweza kuzifanya, na mwisho niseme wapi mkono wako ukome na wa fundi uanze.

Maji, umeme, gesi

Maji yana valvu zaidi ya moja. Ya kwanza iko karibu na mita, na nyumba nyingi zina nyingine chini ya tangi la juu, lile tulilozoea kuliita simtanki hata kama limetengenezwa na kampuni nyingine. Hii ya pili ndiyo inayowapoteza watu: wanafunga ya mita, maji yanaendelea kutoka kwa sababu tangi limejaa. Funga zote mbili. Nyumba iliyojengwa vizuri ina pia valvu ndogo chini ya kila sinki na kando ya tangi la choo, ili ukitengeneza kimoja vingine viendelee kufanya kazi. Valvu isiyoguswa miaka mingi hukwama, na mtu akiilazimisha siku ya shida huvunjika. Igeuze mara mbili kwa mwaka, funga kisha fungua, ibaki laini.

Umeme unafungwa kwenye meni swichi, na pembeni yake zipo sakiti breka, kila moja na njia yake: taa, soketi, jiko, hita ya kuogea. Fanya zoezi la nusu saa. Zima moja, mtu azunguke vyumbani aone kilichozimika, kisha andika jina la njia hiyo kwenye karatasi na uibandike. Fundi atakayekuja usiku atakushukuru, nawe hutazima friji la nyama ili kubadilisha taa ya barazani.

Gesi inafungwa kwenye regulita, juu ya mtungi. Kila mara unapobadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye maungio na urefu wote wa mpira. Povu likitoa mapovu yanayokua, gesi inavuja. Usijaribu kamwe kwa kiberiti. Ukisikia harufu, usiwashe wala kuzima swichi yoyote, maana cheche ndogo ya swichi inatosha. Funga mtungi, fungua milango na madirisha, toeni watoto nje. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni na kutuama pembeni, hivyo mlango uliofunguliwa unasaidia kuliko dirisha la juu. Na mpira wa gesi ukianza kuonyesha nyufa ukiukunja, usiufunge kwa utepe. Nunua mwingine.

Kisanduku cha vifaa

Huhitaji karakana. Bisibisi bapa na ya nyota, za saizi mbili mbili. Koleo. Spana ya kukaza na kulegeza mdomo, ambayo dukani wataijua upesi zaidi ukiiita spana malaya. Nyundo, futi ya kupimia, pima maji, msumeno wa chuma, msasa, tochi, na utepe mweupe wa kufungia maungio ya mabomba. Ongeza tyubu ya silikoni, gundi ya mbao, na kopo la misumari na skrubu zilizosalia kazi nyingine. Nunua kimoja kimoja kadiri kazi inavyodai, lakini usinunue bisibisi ya bei ya chini kabisa. Chuma chake laini huharibu kichwa cha skrubu, na skrubu iliyoliwa kichwa inageuza kazi ya dakika tano kuwa ya asubuhi nzima.

Wakaao pwani, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Tanga, Unguja na Mtwara, wana mgeni wa kudumu: hewa ya chumvi. Huko bawaba na skrubu za chuma cha kawaida hutafunwa mapema. Lipa zaidi kidogo upate za shaba au za chuma kisichoshika kutu.

Koki inayodondosha

Weka chupa ya lita moja chini ya koki inayodondosha. Ikijaa kwa saa moja, umepoteza lita 24 kwa siku, yaani lita 720 kwa mwezi. Hizo ni ndoo 36 za lita 20, na maji hayo unayalipia.

Kosa la kwanza la wengi ni kuikaza koki kwa nguvu. Matone yanakoma siku mbili, tatu, huku mpira ulio ndani ukizidi kusagika. Dawa ni kuubadilisha mpira huo, ambao mafundi huuita washa. Funga valvu, kisha fungua koki maji yaliyobaki yaishe. Ziba tundu la sinki kwa kitambaa, maana skrubu ndogo hupenda kupotelea humo. Bandua kifuniko cha mkono wa koki, fungua skrubu yake, toa mkono. Chini yake utaona nati. Ilegeze kwa spana kinyume cha mshale wa saa, utoe moyo wa koki mzima. Washa iko kwenye ncha ya chini. Nenda nayo dukani mkononi, usitegemee kueleza kwa maneno. Koki nyingi za nyumbani ni za nusu inchi, lakini washa zake hutofautiana.

Kabla ya kurudisha, ingiza kidole upapase mahali washa inapokalia. Pakiwa na mikwaruzo, washa mpya italika haraka na ni heri ubadilishe koki yote. Unapofungua valvu tena, fungua polepole. Maji yanayorudi kwa kishindo husukuma takataka za bombani hadi kwenye koki zako.

Koki za kisasa zinazofunguka kwa kugeuza robo tu hazina washa. Ndani yake mna visahani vigumu vya kauri, na zikivuja unabadilisha moyo wote. Nao pia upeleke dukani upate wa kufanana.

Maungio yakivuja, fungua, safisha meno yake, zungusha utepe mweupe mara tano hadi nane. Uelekeo ni muhimu: ukiangalia ncha ya bomba uso kwa uso, zungusha kufuata mshale wa saa, ili unapokaza utepe ujikaze badala ya kujikunjua. Maungio ya plastiki yakaze kwa mkono, kisha spana kidogo tu. Plastiki iliyokazwa kupita kiasi hupata ufa usioonekana, nao utafunguka usiku umelala.

Choo kinachokunywa maji kimyakimya

Koki inayovuja inasikika. Choo cha kuflashi kinaweza kuvuja mwaka mzima bila mtu kujua. Jaribio ni rahisi: tia rangi ya chakula kwenye tangi la choo, usiflashi kwa nusu saa, kisha tazama bakuli. Rangi ikionekana humo, mpira wa chini unaoziba tundu la tangi umechoka au umeshika uchafu. Ufute kwanza, pamoja na mahali unapokalia, ujaribu tena. Ukiendelea kuvuja, ununue mwingine.

Kama unasikia maji yakiingia bila kukoma, inua boya kwa mkono. Yakikatika, valvu ni nzima ila boya limewekwa juu mno. Shusha mkono wake au zungusha skrubu yake mpaka maji yasimame sentimita mbili au tatu chini ya mdomo wa bomba la kumwagia ziada. Yasipokatika, valvu yenyewe ndiyo mbovu.

Kuna jaribio la nyumba nzima pia. Usiku kabla ya kulala, koki zote zikiwa zimefungwa na tangi la juu limejaa, andika namba za mita ya maji. Asubuhi, kabla mtu hajaoga, zisome tena. Zikiwa zimesogea, kuna mahali panavuja baada ya mita, na pengine ni chini ya ardhi. Kipande cha uwanja kilichobaki na majani mabichi wakati wa kiangazi kinaweza kukuonyesha ni wapi.

Na ukiwa juu ukikagua boya la simtanki, angalia mfuniko. Dar es Salaam ilipatwa na milipuko ya homa ya dengue mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wake, anayeuma mchana, huzaliana kwenye maji masafi yaliyotuama. Mfuniko uliopasuka na tundu la kumwagia lisilo na wavu ni kitalu chake. Kipande cha wavu wa dirisha na waya wa kufungia ni kazi ya robo saa.

Sinki lililoziba

Kinachoziba sinki la jikoni mara nyingi ni mafuta. Yanamwagwa yakiwa moto, yanapoa njiani, yanaganda, kisha yanakamata wali na majani ya chai. Weka ndoo chini ya ile kona iliyopinda chini ya sinki, fungua nati zake za plastiki kwa mkono, osha kona hiyo nje, rudisha. Chunga pete za mpira zilizo ndani ya nati. Zikikaa upande, patavuja. Maji ya moto husaidia kuyeyusha mafuta, ila yasiwe yanachemka, kwa kuwa mabomba ya plastiki hulegea kwa joto kali.

Ukisafisha kona na maji bado hayaendi, tatizo liko mbele. Nje kuna chemba. Fungua mfuniko wake uangalie: ikiwa kavu, kizuizi kiko kati yake na nyumba, ikiwa imejaa, kizuizi kiko mbele yake kuelekea shimoni. Kwa kuangalia hivyo tu utamwambia fundi pa kuanzia.

Tahadhari moja ambayo ningependa kila mama na kila dada wa kazi aisikie: usichanganye dawa. Dawa ya kung'arisha nguo nyeupe ikikutana na dawa kali ya choo yenye asidi hutoa gesi ya klorini, na choo ni chumba kidogo chenye hewa kidogo. Tumia moja, suuza kwa maji mengi, ndipo ufikirie nyingine.

Mlango unaokwaruza, kitasa kigumu

Masika yakiingia, mbao hunywa unyevu na kuvimba, na mlango uliokuwa ukifunga vizuri Februari unakwama Aprili. Wengi huita seremala aurandie papo hapo. Kiangazi kikifika mbao inasinyaa, na pengo linabaki linaloingiza mbu na vumbi. Kagua kwanza bawaba. Shika mlango kwa kitasa, unyanyue. Ukicheza, skrubu zimelegea na mlango umeinama, wala haujavimba. Kaza skrubu. Kama tundu limepanuka na skrubu haishiki, paka gundi ya mbao kwenye njiti za kiberiti zilizokatwa vichwa, zijaze tunduni, acha ikauke mpaka kesho, kata zilizotokeza, rudisha skrubu. Itashika kama mpya.

Ukithibitisha ni mbao, paka chaki ukingoni mwa mlango, funga na kufungua mara chache. Pale chaki ilipofutika ndipo panapogusa. Piga msasa hapo tu, kidogo kidogo. Kisha fanya jambo ambalo hata mafundi wengine huliruka: paka vanishi au rangi kwenye kingo zote, ikiwemo ya juu na ya chini zisizoonekana. Unyevu huingilia kwenye mbao tupu.

Kitasa kigumu usikitie mafuta ya kupikia. Hulainika wiki moja, halafu mafuta yananasa vumbi na kugeuka uji mzito ndani. Sugua risasi ya penseli kwenye meno ya ufunguo, uingize na kuutoa mara nyingi. Unga wa penseli hulainisha bila kunasa vumbi. Ufunguo ukizunguka vizuri mlango ukiwa wazi lakini ukagoma ukiwa umefungwa, kitasa ni kizima. Mlango umeshuka, na ulimi wake haulengi tundu la fremu. Rudi kwenye bawaba.

Paa na kuta, kabla mawingu hayajakusanyika

Paa hukaguliwa Februari kabla ya masika, na Septemba kabla ya vuli. Mvua ikishaanza huwezi kupanda juu, na mafundi wote wana kazi. Maji huingia mahali pamoja, yakafuata mbao ya kenchi, na kudondoka pengine mita mbili kutoka hapo. Kwa hiyo alama ya darini haikuonyeshi tundu, inakuonyesha mwisho wa safari. Ingia darini mchana wa jua kali, zima tochi, tazama juu. Tundu litaonekana kama nyota. Pitisha waya mwembamba ili ulione ukiwa nje.

Ukipanda, asubuhi na mapema mabati yakiwa makavu na hayajaungua jua, mtu ashike ngazi chini. Kanyaga kwenye mistari ya misumari, maana chini yake ndipo penye mbao. Chanzo cha kawaida ni msumari uliolegea au kofia yake ya mpira iliyopasuka. Ng'oa, weka skrubu ya bati yenye mpira, nene kidogo kuliko msumari wa zamani. Tundu dogo la kutu lisugue kwa brashi ya waya, likaushe, uzibe kwa dawa maalumu ya paa. Bati lililooza eneo kubwa halizibiki, hubadilishwa. Na kama paa ni refu, au huna mtu wa kushika ngazi, mwachie aliyezoea.

Ukutani, tenganisha ufa wa ngozi na ufa wa mfupa. Ufa mwembamba kama unywele kwenye lipu ni wa kawaida. Saruji ilikauka haraka. Ufa unaopita kwa mshazari kutoka pembe ya dirisha, au unaoonekana ndani na nje mahali pamoja, ni habari nyingine. Chora mstari mdogo kwa penseli kwenye kila ncha yake, andika tarehe. Ukivuka alama zako miezi michache ijayo, nyumba inatembea. Tafuta mhandisi, usipake rangi.

Ufa wa ngozi hupanuliwa kidogo kwa patasi ili saruji ipate pa kushika. Futa vumbi, lowesha ukuta, jaza mchanganyiko wa saruji kipimo kimoja kwa mchanga laini vipimo vinne. Endelea kunyunyizia maji asubuhi na jioni kwa siku kadhaa. Ukuta usiolowanishwa hunyonya maji ya saruji, na ufa unarudi palepale.

Rangi inayobabuka chini ya ukuta haiponywi kwa rangi. Tafuta maji yanatoka wapi: bomba ndani ya ukuta, maji ya paa yanayomwagika hapo, au udongo wa bustani uliorundikwa juu ya msingi. Na wenye nyumba za kale, kama zile za Mji Mkongwe wa Zanzibar zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, wasizizibe kwa lipu ya saruji. Kuta hizo hunywa unyevu na kuutoa kupitia chokaa. Saruji inaufungia ndani, na ukuta unaoza taratibu nyuma ya lipu inayong'aa. Tengeneza chokaa kwa chokaa.

Umeme: unachoweza na usichopaswa

Umeme wa majumbani kwetu ni volti 230 hivi, na unaua. Mwenye nyumba anaweza kubadilisha taa, fyuzi ya plagi, na plagi yenyewe ikiwa imechomolewa ukutani. Basi.

Ukifungua plagi ya pini tatu, pini ndefu ya ethi ikiwa juu, waya wa kahawia unakwenda kulia kwenye fyuzi, wa bluu kushoto, wa kijani na manjano juu. Kile kibano cha chini kishike ganda la waya lote, lisining'inie kwa nyuzi za ndani. Fyuzi ya ampea 3 yatosha redio, televisheni na taa ya mezani. Birika na pasi zinahitaji 13. Kuweka fyuzi ya 13 kila mahali ni sawa na kumfukuza mlinzi, maana waya mwembamba utaungua fyuzi ikiwa bado nzima. Na usiweke kamwe karatasi ya sigara au uzi wa waya mahali pa fyuzi.

Ekstensheni moja ya ampea 13 inabeba wati 3,000 hivi. Birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,200 kwa pamoja zimeshavuka. Ekstensheni ikiwa ya moto ukiishika, inakuambia hivyo.

Ukihisi LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, inakula kuliko matumizi, zima na chomoa kila kitu, kisha tazama taa ndogo ya mita inayomweka. Ikiendelea kumweka, zima breka moja moja mpaka itulie. Njia uliyoizima mwisho ndiyo yenye hitilafu. Usifungue mita wala lakiri yake.

Friji, hita ya bafuni au koki vikikupiga shoti, hata ndogo ya kusisimua tu, usisubiri. Zima, acha kutumia, mwite fundi umeme aangalie ethi. Tanzania fundi wa kufunga umeme anatakiwa awe na leseni ya EWURA, na Kenya leseni hutolewa na EPRA. Kuomba kuiona si kumdharau.

Fundi ni mwenzako

Kuna siku mikono yako itafika mwisho, na kujua siku hiyo ni sehemu ya ujuzi. Ukimwita fundi, mweleze ulichokiona: lini kilianza, ulifunga wapi, kilibadilika nini. Patana bei ya ufundi mbali na ya vifaa. Ukiweza, nendeni pamoja dukani, ulipie vifaa mwenyewe, ubaki na risiti. Kiasi cha kuanzia mpe, kilichobaki kilipwe baada ya kujaribu, na kujaribu bomba ni kuliacha na maji angalau saa moja ukiwa na karatasi kavu chini yake. Omba ubakishiwe kifaa cha zamani.

Kisha kaa karibu, shika tochi, uliza. Fundi mzuri hufurahi kuulizwa. Wengi wao walijifunza hivyohivyo, kwa kumshikia mtu tochi, na wapo waliopeleka ujuzi huo VETA, mamlaka ya ufundi stadi ya Tanzania, ukapimwa na kupewa cheti. Akimaliza kwa dakika kumi, usimpunje kwa sababu ya dakika kumi. Unalipia miaka iliyomfundisha mahali pa kugusa.

Mpangaji naye, kabla ya kufungua chochote kikubwa, apige picha na kumtumia mwenye nyumba pamoja na ujumbe, wakubaliane nani analipa, na risiti zitunzwe. Neno la mdomo kuhusu bomba huleta ugomvi mwezi wa kodi.

Mwisho, nunua daftari moja la shule, ulitundike nyuma ya mlango wa jikoni. Andika humo valvu ziko wapi, breka ipi ni ya nini, namba ya mita, simu za fundi bomba na fundi umeme, na tarehe ya kila kilichotengenezwa. Wasome wote wanaolala humo: bibi, watoto wanaojua kusoma, dada wa kazi, mgeni wa mwezi mmoja. Usiku wetu ule tulikuwa watu wazima wanne ndani ya nyumba, wote na nguvu za kubeba ndoo, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na habari moja ndogo iliyohitajika.

Kwa hiyo leo jioni, kabla ya chakula, wachukue wote mzunguke nyuma ya nyumba. Fukueni mchanga. Mwache aliye mdogo kuliko wote aigeuze valvu mwenyewe, mfunge na ya tangi kama lipo, kisha rudini jikoni mfungue koki, msikilize maji yakipungua mpaka yakauke.